Leo tunaona ukuta: siku ya fundi rangi Kigamboni

Saa 12:30 asubuhi. Niko getini na ngazi begani, dogo anayenisaidia kabeba ndoo na brashi za waya. "Shikamoo mama." "Marahaba fundi. Leo naona rangi?" Nikamwambia leo anaona ukuta. Hakufurahi.

Ni Julai, masika yameshapita, na nyumba ipo jirani na bahari. Ukuta wa kusini umeota ukungu mweusi hadi usawa wa madirisha, maana miezi hii jua limehamia kaskazini na upande ule haulioni. Chini kabisa, unyevu uliopanda kutoka msingini umeacha chumvi nyeupe. Napitisha kiganja kwenye rangi ya zamani, kinatoka na vumbi. Ukipaka juu ya vumbi hilo, rangi itashika vumbi, haitashika ukuta.

Saa 1 tunaanza na chumvi, kwa brashi kavu. Ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani. Kisha ukungu: dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vitatu, tunapaka, tunaiacha robo saa, tunasugua na kusuuza. Glavu na miwani lazima, maua ya mama tumeyafunika turubai. Dogo alitaka kuongeza dawa ya kusafishia choo "ili ing'ate". Nikamnyang'anya chupa! Hizo mbili zikichanganyika zinatoa gesi inayoumiza mapafu.

Ukuta wa mashariki tuliuwahi kwanza, tena makusudi. Jua la asubuhi linaukausha, na mchana unaingia kivulini. Ukuta wenye moto hunyonya maji ya rangi kabla hujamaliza kuisambaza, michirizi ya brashi ikabaki pale pale.

Saa 5, nyufa. Tunazipanua kwa skrepa, tunafagia, tunaziba, zikikauka tunapiga msasa.

Saa 7, wali maharage kwa mama lishe. Mama mwenye nyumba anapita na kutuangalia. Najua anachofikiria: mafundi wamekaa. Lakini kusubiri ukuta ukauke nako ni kazi, ila haina picha ya kumtumia mtu WhatsApp.

Saa 9 mashariki pamekauka. Tunapiga praima, rangi ya chini ya kushikiza ile ya juu, kuanzia juu kushuka, mimi na brashi kwenye kona, dogo na rola. Kusini bado pabichi, hapaguswi hadi kesho.

Saa 11 jioni mama anatoka. "Fundi, mbona nyumba imekuwa nyeupe kama kaburi?"

"Hiyo praima, mama. Krimu yako inakuja juu yake, mikono miwili, yaani tunaipaka mara mbili."

Akanyamaza, akaitazama tena. "Hivi ile krimu siwezi kuibadilisha?"

"Unaweza, kama dukani hawajaichanganya."

Akachukua simu, akaanza kupiga dukani.