Ndege zilizobadili mabawa zikiwa angani

Katika miaka ya 1930, wasanifu wa ndege walikuwa wanatakiwa kutimiza mambo mawili yasiyopatana. Bawa kubwa huibeba ndege hata mwendo unapokuwa mdogo, hivyo ndege hupaa na kutua bila taabu kwenye uwanja mfupi wa nyasi. Lakini kasi inapoongezeka, bawa hilo hilo hugeuka mzigo unaopambana na hewa bure. Baadhi yao walijiuliza: kwa nini bawa lisibadilike safarini?

Ivan Makhonine, Mrusi aliyehamia Ufaransa, alirusha Mak-10 mwaka 1931. Ncha za mabawa yake ziliingia ndani ya sehemu ya kati na kutoka tena kama mirija ya darubini, na upana wa ndege kutoka ncha hadi ncha ukabadilika kati ya mita 13 na 21. Huko Leningrad, Grigory Bakshaev alifuata njia nyingine mwaka 1937: bawa lake jembamba lilibaki palepale, ila vipande vilivyofichwa ubavuni mwa ndege vilivutwa nje kulifunika na kulinenepesha.

Ninayoistaajabia zaidi, hata hivyo, ni IS-1 ya Vasily Nikitin na rubani Vladimir Shevchenko, iliyoruka mwaka 1940, kabla vita havijaufikia Umoja wa Kisovieti. Ilipaa ikiwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Ikishakuwa hewani, bawa la chini lilikunjwa kwenye bawaba: sehemu ya ndani ikalala katika shimo la ubavuni, sehemu ya nje ikajibana chini ya bawa la juu, na magurudumu yakafuatana nalo. Kuanzia hapo ilikuwa ndege ya bawa moja.

Kwa ustadi wa mikono, sioni la kuilaumu. Lakini mitambo ya kukunja ilikuwa na uzito wake, na uzito huo ndege iliubeba muda wote, hata bawa likiwa limekunjwa. Kasi yake ilikomea kilomita 450 na ushei kwa saa, ilhali mwaka huo huo ndege mpya za msanifu mwingine wa Kisovieti, Yakovlev, zenye bawa moja lisilokunjwa, zilikuwa zimepita 500. Hizo zilitatua tatizo la kutua kwa vibao tu vinavyoshuka nyuma ya bawa.