Fumito Ueda na kazi ya kupunguza

Kama unataka kutengeneza gemu, msome Fumito Ueda, mwongozaji wa gemu wa Kijapani anayeondoa kwenye gemu kila kisicho cha lazima. Alisomea sanaa Osaka, akahitimu 1993, akaingia kwenye animesheni kabla ya kuwa mwongozaji.

Gemu yake Ico (2001) ilianzia PlayStation ya kwanza, mashine ya gemu ya Sony. Mashine haikutosha, yeye na timu yake wakahamia PlayStation 2. Humo hakuna mstari wa uhai unaokaa juu ya skrini. Ukishikilia kitufe cha R1, mvulana Ico anamshika binti Yorda mkono. Akikimbia, mkono wa Yorda unavutika naye anayumba nyuma yake. Miondoko hiyo ilitengenezwa pozi kwa pozi, bila kurekodi mwili wa mwigizaji. Kwangu, hapo ndipo ustadi wake ulipo.

Shadow of the Colossus (2005) ina majitu 16, basi, hakuna maadui wadogo. R1 sasa inashika manyoya. Nguvu ya kushika ikiisha, unaanguka. PlayStation 2 ilizidiwa, fremu (picha zinazounda mwendo) zikashuka chini ya 30 kwa sekunde. Anayeanza leo achukue toleo la 2018 la PlayStation 4.

Gemu yake ya tatu, The Last Guardian, ilitangazwa 2009, ikatoka Desemba 2016. Ueda alishaondoka Sony, ila aliiongoza mpaka mwisho.