Siku tulipoziona ndoo za San Te

Masika ya 2017, Jumatatu moja isiyo na mpira wa Ulaya, ubishi uliokuwa umechemka kwa muda mrefu katika kibanda umiza kimoja (ukumbi mdogo wa kuonyesha picha na mpira) cha Mwananyamala, Dar es Salaam, ulifika mahali pa kuamuliwa. Benchi za mbele walikaa watu wazima, waliokulia kwenye deki za kanda. Kwao picha ni Bruce Lee, Gordon Liu, Jackie Chan wa miaka ya themanini na Schwarzenegger wa Commando. Nyuma walisimama vijana wa Fast and Furious na John Wick. Wazee walisema picha za sasa ni makelele matupu, humwoni anayepiga wala anayepigwa. Vijana walisema za kale zimefifia, ngumi zake za uongo, na steringi anachukua nusu ya picha kufundishwa kubeba maji.

Mimi kazi yangu mle ilikuwa mitambo: TV, deki, sabufa na nyaya. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo pande zote mbili hazikulijua. Kila upande uliitukana picha ya mwenzake baada ya kuiona katika nakala mbovu, na ubovu wa nakala za kale haufanani na ubovu wa nakala mpya. Nilimwomba mwenye kibanda atoe picha ya saa mbili usiku, tuweke vipande vya picha kadhaa kutoka diski halisi, kimoja baada ya kingine. Alikubali kwa sababu mvua ilikuwa imepunguza wateja.

Tulianza na The 36th Chamber of Shaolin ya 1978. Shaw Brothers, studio ya Hong Kong iliyoitengeneza, walipiga picha zao kwa lenzi pana walizoziita Shawscope, upana wa picha ukiwa mara 2.35 ya kimo chake. TV za chogo upana wake ni mara 1.33 tu. Waliotengeneza kanda walikata pembeni ili picha ijaze kioo, na ukipiga hesabu, karibu asilimia 43 ya kilichopigwa inabaki nje. Wapiganaji wawili wakisimama mbali kidogo, mmoja anapotea. Unaona mtu anarusha teke hewani, halafu kamera ya bandia inavutwa pembeni kumtafuta aliyepigwa. Kanda hizo ndizo zilizohamishiwa kwenye VCD, VCD zikahamishiwa kwenye flashi, na sisi tukazionyesha kwenye TV bapa iliyowekwa kujaza kioo chote, inayomnenepesha kila mtu kwa theluthi moja. Kijana anayeikuta picha hiyo leo anakutana na Gordon Liu mfupi, mnene, anayepigana na ukuta.

Niliiweka kwa upana wake kamili. Kelele zilianza papo hapo: "Ongeza picha! TV imekatika!" Hilo hutokea kila mara, na wenye vibanda wengi huogopa hapo hapo. Filamu ya 2.35 kwenye kioo cha 16:9, yaani cha TV bapa za kawaida, lazima iache michirizi myeusi juu na chini, na michirizi hiyo inakula karibu robo ya kimo. Kwenye TV ya inchi 43, kimo cha kioo ni sentimita 53 hivi, na picha inabaki na 40. Dawa yake ni kusogeza benchi mbele na kuinua TV hadi ukingo wake wa chini upite vichwa vya waliokaa. Ukibonyeza kitufe cha kukuza kwenye rimoti ili uwaridhishe, umerudi kule kule kwa kanda iliyokatwa pembeni.

Tulisogeza benchi, kikaja kipande cha maji. San Te, steringi anayechezwa na Gordon Liu, anabeba ndoo mbili, mikono imenyooshwa pande zote, na visu vimefungwa kwenye mikono, ncha zikielekea mbavuni. Mikono ikilegea, visu vinamchoma. Ndiyo maana anafundishwa kubeba maji: mabega yale ndiyo yatakayorusha ngumi baadaye. Lakini mtu aliyenyoosha mikono ndiye mpana kuliko wote kwenye picha. Kwenye nakala tuliyoizoea, ndoo zilikuwa nje ya kioo, tukimwona mtu anatetemeka bila sababu.

"Kumbe ana ndoo!" alisema kijana mmoja, fundi simu, ambaye ndiye aliyekuwa akipinga kuliko wote.

Mzee wa mbele aligeuka. "Mwanangu, picha hii mimi naijua tangu enzi za kanda. Nilijua anabeba maji kwa kuwa mtafsiri alisema. Ndoo zenyewe naziona leo."

Mwongozaji wake, Lau Kar-leung, alikuwa mwalimu hasa wa Hung Gar, mapigo yanayorithiwa kutoka kwa Wong Fei-hung, bingwa wa kungfu wa China ya kale. Alisogeza kamera nyuma makusudi ili miguu ionekane, maana katika mapigo yale nguvu inaanzia kwenye unyayo. Ukikata pembeni na kukuza, umeondoa kile alichotaka ukione.

Vijana hawakukosea kila kitu. Walisema mwendo wa ngumi za kale si wa kawaida, watu wanakwenda kama wametiwa betri, na hilo ni kweli. Filamu huchezeshwa fremu 24 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja iliyosimama. Hong Kong ilikuwa desturi kupunguza mwendo wa kamera wakati wa mapigano, fremu 22 au hata 20, ili zikichezeshwa kwa 24 mikono iende kasi. Hapa kwetu likaongezeka jingine: kanda na diski za PAL, mfumo wa TV wa kwetu, huchezesha 25. Picha ya dakika 100 inaisha kwa 96, sauti inapanda kidogo, na kipande kilichopigwa kwa fremu 20 kinakwenda kasi kwa robo nzima. Ukitaka kujua kipande kimeharakishwa, usiangalie ngumi. Angalia vumbi linavyotua, nguo inavyoshuka, au mtu anayepita nyuma ya wapiganaji. Diski niliyotumia usiku ule ilikuwa ya fremu 24, na wazee wenyewe walishangaa kuona mapigo yanapumua.

Halafu zamu ya picha za sasa. Maradhi yake makubwa ni diski zile za picha ishirini kwa pamoja. Diski ya GB 4.7 ukiigawa kwa ishirini, kila picha inapata MB 235. Kwa picha ya dakika 100, hiyo ni megabiti 0.3 kwa sekunde, wakati DVD ya picha moja hupewa 4 au zaidi. Ubanaji wa video hufanya kazi kwa kuhifadhi kilichobadilika tu kati ya fremu na fremu. Mtu akikaa kimya anaongea, nafasi inatosha. Lakini kila mkato, yaani kila tunaporukia kamera nyingine, ni picha mpya kabisa, inayotakiwa kuhifadhiwa upya, na nafasi haipo, hivyo kioo kinavunjika viboksi. Picha yenye mikato mingi ndiyo inayoumia zaidi. Kwa hiyo wazee walipolalamika kwamba hawamwoni anayepigwa, waliyekuwa wakimtafuta alikuwa ndani ya viboksi. Ongeza TV mpya zinazotoka dukani zikiwa zimewashwa mfumo wa kulainisha mwendo, unaobuni fremu za katikati na kuifanya sinema ionekane tamthilia ya studio. Zima hiyo kwenye menyu ya picha kabla ya jambo lolote.

John Wick ya 2014 ikiwa safi, ile sehemu ya klabu ya usiku iliwanyamazisha watu wazima. Kamera inakaa mbali, Keanu Reeves anaonekana mwili mzima, anamwangusha mtu kwa judo, anamzuia chini, anampiga risasi mwingine, kisha anarudi kummaliza wa kwanza, na unamwona akibadilisha magazini. Mpenzi wa Commando hajawahi kuona steringi anaishiwa risasi. Hapo niliwaeleza ukoo wake. Chad Stahelski aliyeiongoza alikuwa ndiye anayechukua nafasi ya Reeves kwenye hatari za The Matrix, 1999, na mapigano ya The Matrix yalipangwa na Yuen Woo-ping, aliyeongoza Drunken Master ya Jackie Chan mwaka 1978. Vijana walikuwa wanashangilia kazi ya wanafunzi wa watu waliowadharau.

Wazee nao walikuwa na haki yao, na nilitaka ionekane. Niliweka kile kipande cha Taken 3 ambapo Liam Neeson anaruka uzio: mikato zaidi ya kumi kwa sekunde chache, na nakala safi haisaidii kitu. Kila kamera imekaa upande wake, na jicho linaanza upya kutafuta mtu yuko wapi kila inapokatwa. Hilo ni kosa la waliotengeneza. Lakini wingi wa mikato peke yake si ugonjwa. Mad Max: Fury Road ya 2015, iliyopigwa kwenye jangwa la Namibia, ina mikato karibu 2,700, na hakuna aliyepotea kibandani hata mara moja. George Miller aliyeiongoza aliamuru kitu muhimu kiwekwe katikati ya fremu kila wakati, na Margaret Sixel aliyehariri akapata Oscar. Jicho halihami, linabaki palepale, magari ndiyo yanayokuja.

Mwisho ilikuja Police Story ya 1985, Jackie Chan anaruka na kuteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya jengo la maduka, taa zinapasuka njia nzima. Aliungua mikono kweli. Wameonyesha mruko ule zaidi ya mara moja, kwa pembe tofauti, ili usidhani kuna ujanja. Kwangu mimi hakuna kipande cha magari ya Fast and Furious kinachokifikia, ingawa naheshimu sana lile kasha la fedha la Fast Five: yalitumika makasha kadhaa, mengine yakaburutwa barabarani kweli, na moja lilikuwa na dereva ndani.

Jambo moja halikumalizika. Kibanda kile kilikuwa na mtafsiri wa maiki, yaani anayetafsiri picha kwa Kiswahili papo hapo, kijana aliyejifunza kwa kuzisikiliza kazi za Lufufu, mtafsiri wa picha aliyevuma Tanzania, na usiku ule nilimwomba anyamaze. Picha za Hong Kong za wakati ule hazikurekodiwa sauti wakati wa kupiga. Kila kishindo kiliwekwa baadaye studio, kimepangwa pigo kwa pigo, na maneno juu yake yanakiua. Wazee waliniunga mkono. Mtafsiri hakukubali hata kidogo.

"Kaka, maongezi wanaweza kukisia wenyewe," alisema. "Wanaokuja hapa wananilipia kwenye ngumi."

Fundi simu alikuwa upande wake, na nusu ya benchi za nyuma pia. Tulielewana kwamba Jumatatu inayofuata Police Story ichezwe yote, yeye aseme mpaka steringi anapoingia kwenye jengo la maduka, kisha azime maiki. Alipofika pale aliizima, akasubiri mpaka kwenye nguzo ile, akaiwasha tena kabla taa ya mwisho haijapasuka.