Kurasa Zilizokatwa

Mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba kampuni ya Fantagraphics ya Marekani ingechapisha upya hadithi za bata alizoandika na kuchora Carl Barks, katika juzuu zenye jalada gumu na rangi kamili, wapenzi wa vitabu vya zamani vya katuni walikuwa na maswali mengi, lakini mzee mmoja niliyezoea kubadilishana naye vitabu alikuwa na moja tu. Hakuuliza juzuu zingekuwa ngapi, wala lini zingetoka. Aliuliza kama zile kurasa zilizokatwa za hadithi ya Klondike zingekuwemo. Nami, ambaye nilikuwa nimejiandaa kujadiliana naye kuhusu karatasi na rangi, nilijikuta nimelibeba swali hilo hilo kwa zaidi ya mwaka mzima, mpaka siku tulipoketi pamoja na kuifungua juzuu yenyewe.

Barks alizaliwa Oregon mwaka 1901. Aliacha kazi katika studio za Disney mwaka 1942, na tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 1966 alitunga na kuchora mamia ya hadithi za Donald Duck na za mjomba wake tajiri, Scrooge McDuck, ambaye ni Barks mwenyewe aliyembuni katika hadithi iliyotoka Desemba 1947. Miaka hiyo karibu yote jina lake halikuonekana popote, kwa kuwa jalada lilibeba jina la Walt Disney peke yake. Wasomaji waliojali walimtambua kwa mkono wake tu: namna alivyochora midomo, milima, meli na nyuso za ghadhabu. Ilikuwa karibu mwaka 1960 ndipo mmoja wao alipofanikiwa kulipata jina lake na kumwandikia barua. Alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 99. Kwa hiyo juzuu zenye jina lake zilikuwa, kwa watu kama yule mzee, deni lililokuwa likilipwa kwa kuchelewa sana.

Hadithi iliyokuwa ikimsumbua mzee ni “Back to the Klondike”, iliyotoka mwaka 1953. Ndani yake Scrooge, ambaye amezeeka na kuanza kusahau hata mali yake iko wapi, anapewa vidonge vya kumrudishia kumbukumbu, na kumbukumbu ya kwanza kumrudia ni ya dhahabu aliyoizika kaskazini mwa Kanada wakati wa msafara wa wachimbaji. Inamrudia pia kumbukumbu ya Goldie, mwanamke wa baa ya mji wa Dawson aliyemtilia dawa kwenye kahawa na kumwibia bonge lake la dhahabu. Anafunga safari pamoja na Donald na wale watoto watatu, wapwa wa Donald, anamkuta Goldie mwenyewe akiishi kwa ufukara katika eneo lile lile la machimbo akilindwa na dubu, na kisha yanafuata mashindano ya kuchimba ambayo sitayaeleza bado.

Sasa, nakala ya 1953 haikuwa kamili. Wahariri waliona kwamba ugomvi wa baa, pamoja na Scrooge kumbeba mwanamke kwa nguvu, havikufaa kuwekwa mbele ya watoto, wakaziondoa kurasa hizo na kuacha hadithi iruke. Kwa miaka mingi matoleo ya marudio yalifuata nakala hiyo iliyopunguzwa. Mimi niliisoma hivyo nikiwa mdogo, katika kitabu kilichochakaa, na niliamini kwamba aliyekuwa nacho kabla yangu ndiye aliyeng'oa karatasi, kwa sababu hasira ya Scrooge ilikuwa kubwa kuliko kisa nilichosimuliwa. Nilihesabu namba za kurasa mara kadhaa. Zilikuwa zinafuatana vizuri kabisa.

Lipo jambo moja katika mkasa huu ambalo hata leo naliona la ajabu. Sehemu kubwa ya michoro ya asili ya Barks iliharibiwa baada ya kupigwa chapa, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba kitabu cha watoto kingehitajika tena, na ndiyo maana wanaochapisha upya kazi za zama zile hulazimika kutegemea nakala za picha zilizotunzwa, au hata vitabu vyenyewe vilivyokwisha kuuzwa. Kurasa zilizokatwa hazikupita njia hiyo. Kilichokubaliwa kilitupwa, kilichokataliwa kilibaki. Katika miaka ya 1980 zilianza kuonekana katika matoleo ya gharama, na kati ya mwaka 1983 na 1990 ukatoka mkusanyiko mkubwa wa juzuu 30, zilizopangwa tatu tatu katika makasha 10, ambao ulikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa. Mzee alikuwa amesoma habari za kurasa hizo, akaziona zikitajwa katika makala, lakini hakuwahi kuzitia machoni. Kwake, toleo jipya lilikuwa nafasi ya kuzisoma zikiwa na rangi, mahali pake, ndani ya hadithi.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa na mabishano yake. Kwanza lilikuja suala la mpangilio, kwa maana mchapishaji hakuanza na miaka ya mwanzo ya Barks bali na kipindi alichokuwa ameiva, na kitabu cha kwanza, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2011, kilijengwa juu ya “Lost in the Andes”, hadithi ya mwaka 1949 kuhusu mayai ya pembe nne. Mzee alichukia. Alisema mtu aliyetunza rafu yake kwa mfuatano wa miaka kwa muda wote wa maisha yake hawezi kuambiwa aanzie katikati. Mimi nilikuwa upande wa mchapishaji, na bado niko huko: mikusanyiko ya namna hii hufa njiani mara nyingi, pale wanunuzi wanapopungua, na kama ni lazima ife, basi heri ife ikiwa imekwisha kutoa kilicho bora.

Suala la rangi tulikubaliana tangu mwanzo. Vitabu vya katuni vya miaka ya 1950 vilichapwa kwa wino wa aina nne tu, samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, kwenye karatasi duni ya aina ya magazeti, na vivuli vyote vilipatikana kwa kupanga nukta ndogondogo za wino huo. Aliyepaka rangi aliijua karatasi yake. Alijua kwamba itafyonza wino na kuupooza. Matoleo mengi ya marudio yaliyofuata yalichukua rangi zile zile na kuzimwaga kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, ambako zilipiga kelele, na mengine yakaenda mbali zaidi kwa kutumia kompyuta kuongeza vivuli ambavyo mchoraji hakuvifikiria, hadi bata wakaonekana kama maputo yaliyopakwa mafuta. Tuliomba, kama kuomba ndilo neno lake, tupate rangi bapa na karatasi isiyong'aa.

Juzuu yenye Klondike ilitoka mwaka 2012 chini ya jina la “Only a Poor Old Man”, ikiwa imekusanya matoleo sita ya mwanzo ya kijitabu cha Scrooge. Tuliichangia fedha sisi wawili. Ilipofika, nilikwenda kwake nikiwa nayo haijafunguliwa, maana tulikuwa tumepatana kwamba hakuna atakayeitangulia macho ya mwenzake. Baada ya kumwamkia nilimkuta amekwisha kutandika kitambaa mezani, ameweka lenzi ya kukuzia, na pembeni yake ile nakala yake ya 1953, ambayo sikuwa nimewahi kuruhusiwa kuishika.

Alianza na nakala ya zamani. Haikuwa na jalada la nyuma, pini zake zilikuwa zimepata kutu, na kutu hiyo ilikuwa imetoboa tundu jekundu katika kila karatasi ya katikati. Karatasi ilikuwa na rangi ya chai kwenye kingo na nyepesi kidogo kuelekea ndani. Aliniwekea lenzi juu ya kisanduku kimoja, nikaona jinsi rangi ya koti la Scrooge ilivyoteleza nje ya mstari wake mweusi upande wa kulia, ikaacha upande wa kushoto ukanda mwembamba wa karatasi tupu, kwa sababu bamba moja la uchapaji halikukaa sawasawa siku ile. Kisha tukafungua kitabu kipya mahali hapo hapo. Rangi zilikuwa bapa, karatasi haikung'aa, na koti lilikuwa ndani ya mstari wake. Mzee alikitazama kisanduku hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, “Wameifanyia haki. Lakini mkono wa mchapaji wameufuta.” Nilimwambia kwamba kosa la bamba halikuwa kazi ya Barks. Akanijibu kwamba analijua hilo, na kwamba hata hivyo ndilo koti alilokua nalo.

Tulipofika penye mruko wa zamani, aliniomba nisifunue haraka. Kurasa zilikuwemo, mahali pake, na hazikusukumwa nyuma ya kitabu kama nyongeza, jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko yote. Scrooge kijana anaingia ndani ya baa akiwa na theluji na hasira, anapigana na kila aliye mbele yake, meza na viti vinaruka, kisha anamchukua Goldie hadi kwenye machimbo yake ya White Agony Creek na kumlazimisha kuchimba, ili ajue dhahabu hupatikana kwa jasho la namna gani. Barks alikuwa ameuchora ugomvi ule kwa furaha inayoonekana wazi: hakuna kona ya kisanduku isiyo na kitu kinachovunjika.

Mzee alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu aliyeuliza swali moja tu kwa muda wote ule. “Kijana wangu, sasa nimemchukia kidogo.” Alieleza kwamba katika nakala yake Scrooge alikuwa mtu aliyedhulumiwa, aliyekuwa na haki ya kudai, na aliyesamehe kwa hiari yake, sasa alikuwa pia mtu aliyedhulumu. Wahariri, kwa maoni yake, walikata kwa woga, lakini pengo waliloliacha lilimpa msomaji nafasi ya kulijaza kwa Scrooge aliye mwema zaidi.

Nilipinga, na hapa ndipo ninapoyarudia yale mashindano ya kuchimba. Scrooge anamwambia Goldie kwamba atakayeona dhahabu kwanza ndiye atakayeichukua, Goldie anachimba na kuipata hazina yote iliyozikwa, na Scrooge, yule bahili, anajifanya amepatwa na usahaulifu kwa kuwa hakumeza kidonge chake. Lakini Donald anavihesabu vidonge na kugundua kwamba alikimeza, yaani alijua kabisa dhahabu iko wapi. Bila zile kurasa, tendo hilo ni ukarimu wa ghafla wa tajiri kwa mnyonge. Pamoja nazo, kuna mwanamke aliyewahi kulazimishwa kuchimba ardhi ile ile kwa manufaa ya mwingine, ambaye safari hii anachimba na kinachotoka ni chake. Nilimwambia Mzee kwamba kwangu hadithi haikuwa na mwisho mpaka jioni ile.

Hakushawishika. Alikubali tu kwamba ugomvi wa baa umechorwa vizuri, kisha akaniuliza kuhusu “Trick or Treat” ya mwaka 1952, ambayo nayo ilinyang'anywa kurasa 9, kama nadhani zitarudishwa ndani ya hadithi au zitawekwa kando. Nilimwambia kwamba waliofanya hivi kwa Klondike hawana sababu ya kufanya vingine, ila itabidi tusubiri. Nilipoomba niichukue ile nakala ya 1953 kwa siku chache nizilinganishe rangi kwa utulivu, alikataa; alisema hadithi anayoipenda imo ndani ya ile, na kwamba hiyo mpya ninaweza kukaa nayo hadi itakapotangazwa ile ya kurasa 9.