Vya kwako viko wapi?

Siku ya nne leo, na lile neno bado limenikaa kooni.

Jumapili tulikuwa kwenye basi tunarudi Dar kutoka harusini Tanga (bibi harusi alipendeza, shangazi alilia, mengine nitawasimulia). Mwanangu amefumba macho, visikilizio vyake visivyo na waya masikioni, anatikisa kichwa. Nikamgusa bega: "Nipe kimoja na mimi nisikie." Akafumbua macho, akanitazama. "Mama, vya kwako viko wapi?"

Hakusema kwa jeuri. Ingekuwa jeuri ningejua la kufanya. Aliuliza tu, kama unavyomuuliza mtu viatu vyake. Nami nikajibu, "Basi, mwanangu." Kwa nini nilisema basi?

Mimi na kaka tulisikilizia Walkman moja, kile kicheza kanda cha mfukoni, miaka yote ya sekondari. Hedifoni zenye sponji, upinde tumeupanua hadi ukalegea, sikio lake la kulia na langu la kushoto. Akiinuka, nainuka. Betri zikichoka tunazianika dirishani, na kanda tunairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusizimalize.

Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Mwenyekiti wao, Akio Morita, aliona si adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Ikawekwa na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka, unamsikia anayekusemesha. Mwaka 2001 ikaja iPod, nyimbo 1,000 mfukoni, tundu moja. Simu ya mwanangu haina hata hilo moja. Hayo ndiyo nimekuwa nayo kichwani wiki nzima, hata kuhamishwa idara kumenipita hivi hivi.

Jana usiku nachambua mchele, akaingia jikoni. Hakusema kitu. Akanipachika kimoja sikioni, bado kina joto la sikio lake. Wimbo siujui, kijana anaimba haraka haraka, nyuma yake ngoma. Nikaenda kwenye sinki, yeye akaegemea mlango, na wimbo ni uleule kwetu sote. Mimi na kaka tusingeweza hivyo, waya usingefika. Nikauosha mchele taratibu mpaka wimbo ukaisha, akaweka mwingine.

Mama amekataa tena kwenda kliniki ya presha. Kesho nampigia alfajiri, kabla hajatoka kwenda shamba.