Fimbo na daftari: kupima kama mradi wa bonde umedumu

Usitathmini mradi wa kuhifadhi bonde siku mfadhili anapofunga ofisi. Rudi baada ya masika mawili.

Kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, Tanzania, inakoanzia mito inayoulisha mto Ruvu, anza na matuta ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kina cha sentimita 60 hivi, udongo ukarushwa upande wa juu na kupandwa matete ya kuushika. Chomeka fimbo yenye alama: zikibaki sentimita 20, tope halijazolewa, na mvua kubwa ijayo italipita tuta na kulikata. Mara nyingi si uvivu. Watu walichimba kwa posho, posho ikakoma; au shamba ni la kukodi, na aliyekodi msimu mmoja ana sababu gani ya kuzoa tope?

Kisha omba daftari la jumuiya ya watumia maji. Tafuta ada za mwaka huu, faini zilizotozwa, risiti ya matengenezo hata moja. Daftari lenye mihtasari ya vikao tu linanitia wasiwasi kuliko mtaro uliojaa.

Mwisho, pima mita 60 za kando ya mto zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mahindi yakifika ukingoni, kamati ya jumuiya haisikilizwi.