Pua ya mfungaji
Jana, nikiwa nimefunga saumu, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, niliisikia harufu ya iliki ya vitumbua kutoka jikoni kwa jirani, nyumba ya tatu, waziwazi kuliko siku ninazokula mchana. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, ikaamsha njaa na kutufanya tuvute hewa puani kwa nguvu zaidi, hata harufu hafifu ikatambulika. Baada ya mlo hupanda insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, nayo huupunguza wepesi huo wa kunusa. Nilipokwisha kufuturu, alhamdulillahi, nilikisogeza kitumbua puani kabisa ndipo nikaisikia tena ile iliki.